Pikipiki imekufa kwenye ajali na bima wamekupa ofa: fanya haya kabla hujasaini

Simu ya bima ikija na maneno "pikipiki yako ni hasara kamili" wengi tunakimbilia kubisha kwamba inatengenezeka, mtu anamleta fundi wake aseme injini inawaka na fremu iko poa, wiki zinakatika hapo hapo na pesa haijasogea hata kidogo. Mi naona ugomvi wenye pesa ni mwingine kabisa: ile pikipiki, dakika moja kabla haijagongwa, ingeuzwa bei gani? Karibu kila kitu kwenye hili jambo kinarudi kwenye hiyo namba, na bima tayari wanayo ya kwao, kwaiyo na wewe lazima uwe na ya kwako, tena yenye ushahidi.

Kwanza elewa wanavyopiga hesabu

Tuseme thamani ya pikipiki kabla ya ajali ilikuwa 1,000, weka hapo pesa yoyote ya kwenu. Asesa, yule mtu anayekuja kukagua na kukadiria uharibifu, kapiga matengenezo yamefika 700. Unajiuliza, 700 si ni ndogo kuliko 1,000, mbona hawatengenezi? Shida ni kwamba mabaki nayo yana bei, kuna mtu yuko tayari kutoa 350 aichukue ilivyo hivyo hivyo imepinda. Wakitengeneza wanatoa 700 na ile 350 wanaikosa, jumla 1,050. Wakikulipa wewe 1,000 alafu wakauza mabaki, kwao imetoka 650 tu. Hapo ndo hasara kamili inapozaliwa. Kampuni zingine zinatumia njia fupi, matengenezo yakivuka asilimia fulani ya thamani basi, imekufa. Na kuna sehemu sheria yenyewe ndo inaweka mstari, Marekani kwa mfano kila jimbo lina utaratibu wake, Alabama ni asilimia 75, Texas ni 100.

Sasa angalia hapa vizuri. Ukithibitisha kwamba thamani haikuwa 1,000 bali 1,200, ile 1,050 inakuwa iko chini ya thamani na pikipiki inaweza kurudishwa kwenye kutengenezwa. Kwaiyo hata wewe ambaye hutaki kuachana na chombo chako, vita yako bado ni thamani, siyo kumshawishi asesa kwamba injini inanguruma.

Na usishangae pikipiki inakufa kwa ajali ndogo. Ikiteleza kwa upande mmoja tu inakwangua kava za plastiki, sailensa, kava ya injini, mkono wa klachi au breki, saiti mira, indiketa, pedali, na bei ya spea mpya za hivi vitu ukijumlisha inatisha, hasa plastiki za pikipiki za spoti. Alafu fremu: vile vizuizi vidogo vya kufanya usukani usizunguke kupita kiasi, kwenye pikipiki nyingi ni sehemu ya fremu yenyewe, kikibonyea kimoja asesa anaandika fremu nzima ibadilishwe kwa sababu watengenezaji wengi hawaruhusu fremu kunyooshwa wala kuchomelewa. Unaona kovu dogo, yeye anaona fremu mpya.

Hatua ya 1: Siku za mwanzo

Mwili wako kwanza. Nenda hospitali hata kama unajisikia mzima, maumivu ya shingo, mgongo na kichwa yanaweza kuja siku inayofuata au baadaye zaidi, na karatasi ya daktari ya siku ile ile haina mbadala ukija kudai. Helmeti iliyogonga chini usiivae tena hata kama haina ufa, lile povu gumu la ndani likishabonyea limeshamaliza kazi yake, lakini usiitupe, ni ushahidi na pia ni kitu cha kudai. Hivyo hivyo koti, glovu na buti.

Toa taarifa polisi na bima mapema. Mikataba mingi inataka uripoti ndani ya muda fulani, na kuchelewa ndo sababu nyepesi kabisa ya kukunyima. Kwenye kuripoti sema kilichotokea, usianze kukiri makosa wala kukisia spidi. Piga picha kila upande, ndani ya eneo la ajali kama inawezekana, na usisahau namba ya chesisi, dashibodi ikionyesha kilomita, na hali ya tairi. Watu wanapiga picha palipovunjika tu, wakati palipo pazima ndo patakusaidia kwenye thamani: tairi mpya, tangi lisilo na kutu, siti haijachanika.

Na tafadhali usitengeneze, usiuze spea, usiipeleke skrepa kabla asesa hajaiona. Nimeona mtu karudishiwa faili lote kwa sababu fundi alishaanza kufungua.

Hatua ya 2: Tafuta mkataba wako uusome, siyo ile stika

Hapa unatafuta vitu vichache. Je una bima kubwa au ndogo? Kama ni ndogo, ile ya kulipa hasara za watu wengine, kampuni yako haikulipi pikipiki yako hata shilingi, njia yako ni kumdai aliyekugonga na bima yake (nitafika huko). Kama ni kubwa, angalia wamekubali kulipa nini: thamani ya soko siku ya ajali, au thamani iliyokubaliwa mlipoandikishana. Hizi mbili zina tofauti kubwa. Kwenye thamani iliyokubaliwa ubishi ni mdogo, kiasi kimeshaandikwa. Kwenye thamani ya soko, kile kiasi ulichotaja wakati unakata bima ni dari tu, kwaiyo uliyeandikisha kwa 1,500 pikipiki ya 1,000 utapewa 1,000, na uliyeandikisha 600 ili ulipie bima kidogo, 600 ndo mwisho wako hata uje na ushahidi wa gunia zima.

Angalia na kiasi cha kujilipia mwenyewe, wanaita eksesi, hicho watakata. Angalia wanasemaje kuhusu vitu vya ziada ulivyofunga, boksi, taa, sailensa nyingine, kama hukuwaambia wanaweza wasivilipe. Na uone kama kuna malipo ya helmeti na nguo, mikataba mingine ya pikipiki inayo na watu hawajui, wanaacha pesa mezani.

Hatua ya 3: Jua pikipiki imelala wapi na nani analipa

Hii inapuuzwa sana. Pikipiki ikikokotwa kwenda yadi, yadi inatoza kwa siku, na bima wanaweza kusema siku zote ulizochelewesha wewe ni juu yako. Siku ya kwanza tu waandikie bima: pikipiki iko sehemu fulani, inatozwa kiasi fulani kwa siku, naomba muihamishe au mnipe ruhusa niihamishe nyumbani. Maandishi, siyo simu. Ukishaandika hivyo inakuwa ngumu kwao kukubebesha mzigo wa kuchelewa.

Kabla haijachukuliwa moja kwa moja, toa vitu vyako. Vilivyo ndani ya boksi, kishikio cha simu, tracka, vifaa vya intakomu, karatasi chini ya siti, na kama kuna kifaa cha ramani futa anwani ya nyumbani. Vitu vya ziada ulivyofunga omba ruhusa kwanza kwa maandishi kabla ya kuvifungua, na kama ulibadilisha kitu cha kiwandani bado unacho, rudisha cha kiwandani ubaki na chako. Ukivua bila kusema wanaweza kukata kwenye thamani ya mabaki.

Hatua ya 4: Asesa akija, uwepo

Kama wanakuja kuikagua, omba uwepo au angalau utume vitu kabla hajafika: picha za kabla ya ajali, rekodi za sevisi, risiti za tairi na mnyororo na betri, idadi ya kilomita. Asesa ana pikipiki nyingi za kuangalia siku hiyo, asipoambiwa kwamba shokapu za mbele zilibadilishwa mwaka huu hawezi kulitambua hilo kwenye chuma kilichopinda, ataandika "hali ya kawaida" na hiyo "kawaida" ndo inashusha namba. Usibishane naye, mpe karatasi tu. Mwisho omba nakala ya ripoti yake.

Hatua ya 5: Ofa ikija usiseme ndiyo, usiseme hapana

Sema "naomba mchanganuo kwa maandishi". Ofa ya kwanza mara nyingi ni mahali pa kuanzia, siyo hukumu. Unachotaka kuona ni thamani waliyoiweka, wameipata wapi, pikipiki gani walizilinganisha, wamekata nini, mabaki wameyawekea bei gani. Hakiki vitu vidogo maana makosa yanakaa huko: toleo sahihi? mwaka sahihi? ukubwa wa injini? yenye ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) au isiyo nayo? kilomita? Pikipiki moja jina moja inaweza kuwa na matoleo matatu yenye bei tofauti, na mtu wa ofisini anachagua la juu kwenye orodha anaendelea na kazi zake.

Hatua ya 6: Tengeneza namba yako

Hapa ndo kaa muda mrefu. Tafuta matangazo ya pikipiki zinazouzwa, modeli ile ile, mwaka ule ule au unaotofautiana mmoja, kilomita zinazokaribiana, eneo ambalo kweli ungeweza kwenda kununua. Tano zinatosha, nane ni nzuri zaidi. Piga skrinshoti zinazoonyesha tarehe, bei, kilomita na picha, kwa sababu tangazo likifutwa kesho huna kitu. Usichague za bei kubwa tu, wataona na wataacha kukuamini kwenye kila kitu kingine, weka na za chini alafu eleza kwa nini yako ilikuwa bora kuliko ile. Kumbuka bei ya tangazo siyo bei ya kuuziana, watu wanapunguziana, bima watalisema hilo kwaiyo lijibu mapema: "hata tukitoa punguzo la kawaida, wastani bado uko hapa".

Ongeza barua ya muuza pikipiki akisema leo kuipata kama hiyo ni kiasi gani. Ongeza risiti, lakini uelewe jinsi zinavyofanya kazi: ukiweka tairi za 100 wiki mbili kabla ya ajali thamani haipandi 100 nzima, ila inathibitisha pikipiki ilikuwa kwenye hali nzuri, na hiyo inakutoa kwenye "kawaida" kwenda "nzuri". Gharama za sevisi ya kila siku, oili na plagi, usizidai kama zilivyo, zinakuonyesha hujui.

Kama pikipiki yako ni adimu au ya zamani iliyotunzwa na matangazo hayapo, tafuta mkadiriaji wa kujitegemea. Utamlipa, kwaiyo piga hesabu kwanza kama tofauti unayoigombania inamzidi.

Hatua ya 7: Jibu kwa maandishi, kwa heshima, kwa kifupi

Kitu kama hiki kinatosha:

"Kuhusu madai namba ___. Nimepokea ofa yenu ya tarehe ___ na siikubali kwa sababu haifikii thamani ya soko ya pikipiki hii siku ya ajali. Nimeambatanisha pikipiki sita zinazofanana kwa mwaka, toleo na kilomita. Wastani wake ni ___. Nimeambatanisha pia rekodi za sevisi na picha za kabla ya ajali. Naomba mrekebishe thamani iwe ___, au mnitumie mifano mliyoitumia nyinyi. Kiasi ambacho hatubishani naomba mkilipe sasa kama malipo ya awali, bila kuathiri haki yangu ya kudai kilichobaki."

Hiyo sentensi ya mwisho ni muhimu sana. Njaa ndo inafanya watu wakubali ofa mbovu, mtu anategemea pikipiki kula, anaona bora hicho kidogo. Kumbe kuna kampuni zinakubali kulipa sehemu isiyo na ubishi huku mnaendelea kuvutana kwenye iliyobaki, lakini lazima uombe, na lazima ile karatasi unayosaini kupokea isiandikwe kwamba umemaliza madai yote.

Simu zikipigwa sikiliza, alafu mtumie imeili ukiandika "kama tulivyoongea leo, umesema..." Faili lako likiwa na tarehe na majina, hata msimamizi mpya akija hamuanzi upya.

Hatua ya 8: Kuchukua mabaki au kuyaacha

Unaweza kuomba ubaki na pikipiki, bima wakakata bei ya mabaki. Turudi kwenye mfano wetu: 1,000, toa eksesi 100, toa mabaki 350, mkononi 550 na pikipiki iliyopinda. Kama unao uwezo wa kuitengeneza kwa spea zilizotumika kwa 400, umebaki na 150 na chombo kinatembea. Ila kama umeshushiwa thamani hadi 800, mkononi ni 350, haifiki hata matengenezo, unaona tena ile namba ya kwanza inavyoamua kila kitu.

Bei ya mabaki nayo inabishaniwa. Uliza wameipataje. Ukiona wameikuza, waambie kwa adabu: kama kweli kuna mtu anatoa hiyo, muuzieni, mi nipeni pesa yote. Mara nyingi hapo bei inashuka.

Lakini kabla ya kushangilia uliza mambo mawili. Moja, je pikipiki itawekewa alama kwenye kumbukumbu? Uingereza tangu Oktoba 2017 wana madaraja manne: A yote ni ya kusagwa hata spea hazirudi barabarani, B fremu inasagwa lakini spea zinaweza kuuzwa, S imeumia sehemu zinazobeba chombo ila inatengenezeka, N haijaumia sehemu hizo. Marekani hati ya umiliki inabadilishwa kuwa ya mabaki, na baada ya ukaguzi inapata hati ya chombo kilichojengwa upya. Alama ya namna hiyo haitoki, siku ya kuuza bei itakuwa chini na baadhi ya bima watakataa kuikatia bima kubwa. Mbili, je inatakiwa kukaguliwa kabla ya kurudi barabarani? Hata kama sheria haidai, peleka ipimwe kama magurudumu yako kwenye mstari mmoja na kama shingo ya usukani haijapinda. Pikipiki iliyopinda fremu inatembea vizuri tu kwenye spidi ndogo, inakuja kukuonyesha tabia ukiwa kwenye kona na spidi. Kama asesa ameandika fremu imeumia, mi ushauri wangu ni iache. Pesa haitoshi kulipia hilo.

Kama pikipiki ina mkopo

Pesa inaanza kwa mkopeshaji, wewe unapata kilichobaki kama kipo. Endelea kulipa marejesho wakati madai yanaendelea, bima kuchelewa hakusimamishi mkopo na faini zitaanza. Omba kwa mkopeshaji barua ya deni lililobaki kwa tarehe husika, na kama deni linazidi malipo ongea naye mapema mpange, usingoje akutafute. Kuna bima ya kuziba hilo pengo, kagua karatasi za mkopo inawezekana ulikatiwa bila kujua.

Kama kosa ni la mwingine

Hapo una njia mbili, kupitia bima yako kubwa alafu wao wamdai, au umdai yeye na bima yake moja kwa moja. Ya kwanza kawaida ina haraka zaidi lakini eksesi unakatwa, ya pili unadai vyote: thamani, helmeti na nguo, kukokota, yadi, na kipato ulichopoteza kwa kukosa chombo. Kipato lete ushahidi, daftari la mapato ya kila siku, miamala ya simu, chochote chenye tarehe. Bima wa upande wa pili hana mkataba na wewe, anaweza kuwa mpole sana kwenye simu ya kwanza akataka mmalize leo leo. Usimalize leo leo.

Hatua ya 9: Karatasi ya kusaini

Soma kila mstari wa ile hati ya kupokea malipo, watu wanaiita dischaji. Kinachotafutwa ni maneno kama "malipo kamili na ya mwisho ya madai yote yanayotokana na ajali hii". Hayo "madai yote" yanaweza kumeza na goti lako. Umelipwa pikipiki, miezi mitatu baadaye unaambiwa unahitaji upasuaji, na ulishasaini. Iandikwe "kwa ajili ya uharibifu wa pikipiki tu", na madai ya mwili yabaki peke yake mpaka daktari aseme umefika wapi. Wakikataa kubadilisha, muone mwanasheria kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kadi ya umiliki na funguo usivikabidhi mpaka kiasi kimekubaliwa kwa maandishi. Nakala wape, orijino baki nayo.

Wakigoma kabisa

Andika malalamiko rasmi ndani ya kampuni, yaitwe hivyo hivyo malalamiko, omba jibu la mwisho kwa maandishi. Ukishalipata, au wakikaa kimya kupita muda wao, nenda kwa mamlaka inayosimamia bima nchini au msuluhishi wa malalamiko ya bima kama yupo, nchi nyingi huduma hii ni bure. Angalia tarehe za mwisho: Uingereza una miezi 6 tu kutoka barua ya jibu la mwisho, sehemu zingine muda ni tofauti, uulize siku ile ile unayopata barua. Mahakama ipo pia, ila kwa tofauti ndogo gharama zinaweza kuila yote.

Pesa ikishaingia

Uliza bima yako iliyobaki ya mwaka inakuwaje, kawaida ukishalipwa hasara kamili mkataba unaisha na ada hairudi, na kama ulikuwa unalipa kidogo kidogo watakata iliyobaki. Alafu hakikisha umiliki umehamishwa kweli kwenye kumbukumbu za serikali, siyo kwamba umesaini tu fomu ukaondoka. Mabaki yanauzwa, yanatengenezwa, yanarudi barabarani, na kama bado yako kwa jina lako faini na kesi zitakufuata wewe. Weka nakala ya fomu ya uhamisho yenye tarehe na muhuri, rudi baada ya wiki chache uangalie jina limebadilika, na lisipobadilika waandikie bima na ofisi ya usajili siku hiyo hiyo.